Mcheza Kwao Hutuzwa: Mchezo wa Alpha Centauri na Deni Letu Wanafunzi wa Kiswahili

Ni ada katika majarida ya vyama vyetu kuchapisha makala kuhusu riwaya, ushairi, tamthilia, isimu na ufundishaji wa lugha. Ni nadra mno kusoma makala yanayohusu mchezo wa tarakilishi. Aghalabu michezo hiyo huchukuliwa kuwa upuzi wa watoto, au kizingiti kinachowazuia vijana kusoma vitabu. Mwanafunzi akithubutu kuutaja mchezo wa aina hiyo katika pendekezo la tasnifu, hutazamwa kama mtu aliyepotea njia akaingia darasa lisilo lake. Katika makala haya ninakusudia kuitetea rai iliyo kinyume na hiyo. Ninadai kwamba mchezo mmoja, uitwao Sid Meier's Alpha Centauri, ni matini ya kifasihi yenye uzito, na kwamba sisi tunaokisomea Kiswahili tuna deni la kuusoma, kuuhakiki na hatimaye kutunga wetu.

Kwa faida ya msomaji asiyeufahamu, mchezo huu ulibuniwa na Brian Reynolds katika kampuni ya Kimarekani ya Firaxis Games, ukatolewa mwaka 1999. Sid Meier, ambaye jina lake limo katika anwani, ndiye aliyebuni mchezo maarufu wa Civilization mwaka 1991. Katika mchezo huo wa awali, mchezaji huanza na kabila dogo la kale na kuliongoza kupitia karne nyingi. Mojawapo ya njia za kushinda ni kutuma chombo cha angani katika nyota ya Alpha Centauri. Mchezo wa mwaka 1999 unaanzia pale ambapo ule wa kwanza ulikomea. Dunia imeharibiwa na vita na ufukara. Umoja wa Mataifa unatuma chombo kiitwacho Unity kwenda kuanzisha maisha mapya. Kabla ya kutua, nahodha anauawa, wasafiri wanafarakana, na makundi saba yanashuka katika sayari ngeni, kila moja na kiongozi wake na falsafa yake.

Nyota yenyewe si ya kubuni. Alpha Centauri ndio mfumo wa nyota ulio karibu nasi zaidi baada ya jua letu, umbali wa miaka-nuru minne na ushei. Mkaazi wa Nairobi au Mombasa anaweza kuiona kwa macho matupu upande wa kusini, karibu na Msalaba wa Kusini, jioni za Mei na Juni, ilhali mkaazi wa London haioni kamwe akiwa kwao. Mwaka 2016 wanaastronomia walitangaza kuwa wamegundua sayari inayoizunguka Proxima Centauri, ambayo ni nyota ndogo ya mfumo huo huo. Kwa hivyo hadithi inayosimuliwa katika mchezo huu inahusu anga tunayoiona sisi.

Sasa tuuingilie mchezo kama matini. Kila mchezaji anapogundua elimu mpya au kujenga jengo jipya, husomewa kifungu kifupi cha maneno kinachodaiwa kutoka katika vitabu au hotuba za viongozi wale saba. Vifungu hivyo vimechanganywa na vingine vya wanafalsafa halisi, wakiwemo Plato na Nietzsche, hata mchezaji akajikuta anasoma mjadala wa karne nyingi. Deirdre Skye, kiongozi wa Mabinti wa Kambo wa Gaia, anaitetea sayari na viumbe wake. Sheng-ji Yang wa Mzinga wa Binadamu anaamini kuwa mtu binafsi si kitu mbele ya umma. Prokhor Zakharov wa Chuo Kikuu cha Sayari haoni mpaka wowote ambao sayansi haifai kuuvuka. Corazon Santiago anaitukuza silaha na nidhamu. Miriam Godwinson anaitukuza imani. Pravin Lal anashikilia mkataba wa Umoja wa Mataifa uliokwisha kupoteza nguvu. Naye Nwabudike Morgan anapima kila kitu kwa faida.

Wanafunzi wa nadharia wataitambua hapo dhana ya usemezano aliyoieleza Bakhtin. Hakuna sauti moja ya mwandishi inayotuamulia aliye sahihi. Wengi wetu tulipoanza kucheza tulimdharau Miriam, tukimwona mpinga maendeleo. Kadiri mchezo unavyoendelea na uvumbuzi unavyozidi kuwa wa kutisha, maneno yake ya kuonya ndiyo yanayozidi kuwa mazito, na maneno ya Zakharov ndiyo yanayoanza kutia hofu. Mhusika hakubadilika, muktadha ndio uliobadilika, na mchezaji pamoja nao. Huu ni ufundi ambao tungeusifu kwa kurasa kadhaa laiti tungeukuta katika riwaya.

Fauka ya hayo, mchezo huu una jambo linalopaswa kumgusa Mkenya kuliko wasomaji wengi. Mchezaji ni mlowezi. Anashuka katika ardhi asiyoijua, anaikuta imefunikwa na kuvu mwekundu, na jambo la kwanza analofanya ni kuufyeka ili apande mazao, achimbe madini na ajenge barabara. Ardhi hiyo anaihesabu kuwa tupu. Baadaye anagundua kuwa haikuwa tupu. Kadiri anavyochafua mazingira, ndivyo kuvu unavyoota upya juu ya mashamba yake, na ndivyo makundi ya viumbe mfano wa minyoo, ambao hushambulia kwanza akili ya mtu na kisha mwili wake, yanavyozuka na kuivamia miji. Barafu ikiyeyuka kwa sababu ya joto, bahari hupanda na kuzimeza pwani. Hatimaye sayari yenyewe inaanza kusema na mchezaji, kwa maana kuvu wote ni mtandao mmoja wa ufahamu, na aliyedhani anafyeka magugu alikuwa akikata mishipa ya ubongo.

Sisi ambao historia ya nchi yetu imejaa masimulizi ya ardhi iliyoitwa tupu ilhali ina wenyewe, tunaweza kuusoma mchezo huu kwa jicho ambalo huenda watunzi wake hawakuwa nalo. Wao walitoa mfano wa mazingira. Sisi tunaweza kuona humo Nyanda za Juu za Wazungu, watu kuhamishwa katika makaazi yao, na mlowezi anayeshangaa kwa nini ardhi imemgeuka. Uhakiki wa namna hiyo hauwezi kufanywa na mtu mwingine kwa niaba yetu.

Isitoshe, yupo Morgan. Miongoni mwa viongozi wale saba, yeye ndiye Mwafrika pekee, na asili yake inatajwa kuwa Namibia. Hata hivyo jina lake la kwanza, Nwabudike, ni la Kiigbo, yaani la watu wa kusini-mashariki mwa Nigeria, maelfu ya kilomita kutoka Namibia. Ni sawa na kumwita mvuvi wa Lamu kwa jina la Kizulu na kudhani hakuna atakayeuliza. Waama, watunzi wanastahili sifa kwa kutomfanya Mwafrika wao kuwa mnyonge anayengoja msaada; walimfanya tajiri mwerevu, mcheshi na mwenye tamaa isiyo na kikomo. Lakini jina lile linaonyesha kuwa Afrika ilitazamwa kwa mbali, kama nchi moja yenye lugha moja. Kosa kama hilo halirekebishwi kwa malalamiko. Hurekebishwa na wale wanaoijua tofauti kati ya jina na jina, na hiyo ndiyo kazi tunayofunzwa katika madarasa ya isimujamii.

Nikiri hapa kuwa mapenzi yangu kwa mchezo huu hayakuanza kwa uhakiki. Yalianza kwa raha. Nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, tulikuwa wanne katika bweni letu tuliokuwa tukichangia tarakilishi moja kuukuu, ambayo kelele za feni yake zilishinda sauti ya vipaza sauti. Alpha Centauri huchezwa kwa zamu, na unaruhusu wachezaji kadhaa kutumia mashine moja, kila mmoja akiondoka kitini ampishe mwenzake. Kwa hivyo tulicheza kama wazee wanavyocheza bao barazani: mmoja ameinama mbele ya kioo, watatu wamemzunguka wakimshauri, wakimcheka na kumpotosha kwa makusudi. Umeme ulipokatika, tuliendelea kujadiliana gizani kuhusu nani alivunja mkataba na nani.

Mmoja wetu alitoka pwani na alikuwa hodari wa bao. Huyo ndiye aliyetufundisha kuuzungumzia mchezo kwa Kiswahili bila kuhangaika. Mji mkuu wa mchezaji, ambao ukitekwa mambo yote huharibika, aliuita nyumba, kama lile shimo maalumu linalolindwa na mcheza bao. Zamu ambayo mtu hakuteka chochote ila alipanga mambo yake, aliiita kutakata. Zamu ya kushambulia ikawa mtaji. Ubao wa bao una mashimo 32 na kete 64, na mchezaji stadi huhesabu kabla ya kugusa kete ya kwanza mahali itakapoangukia ya mwisho. Mwenzetu alikuwa akihesabu vivyo hivyo mbele ya tarakilishi, akatushinda mara nyingi kuliko tulivyopenda. Kutokana na hayo nilipata funzo ambalo sijalisahau: lugha hii ina msamiati wa mbinu, hila na subira uliokomaa zamani, kabla hata ya umeme kufika barazani.

Palipokuwa na pengo, tulibuni. Wale viumbe wanaoshambulia akili tulianza kuwaita minyoo, lakini neno hilo lilitukumbusha dawa za watoto na kutuchekesha wakati wa kuogopa. Tukawaita funza wa bongo, kwa kuwa funza huingia mwilini polepole na mtu huhisi mwasho kabla ya kumwona. Wafanyakazi wasioridhika, ambao hugoma na kufanya ghasia miji inapokua kupita kiasi, Kiingereza cha mchezo kinawaita kwa jina la nyuki dume asiye na sauti yake. Jina la nyuki halikutuingia. Tukawaita wavujajasho, na mara moja tukajikuta tunawahurumia. Ushindi wa mwisho, ambapo binadamu anaungana na ufahamu wa sayari na kuyapita maisha ya mwili, ulitusumbua zaidi. Mmoja alipendekeza kupaa, mwingine akasema neno hilo limekwisha kuchukuliwa na dini. Tulibishana usiku kucha, tukakubaliana na neno kuvuka, ambalo mtu wa mto na mtu wa bahari wote wanalielewa.

Nayasimulia haya kwa sababu mabishano hayo yalikuwa somo bora la uundaji wa istilahi. Tumezoea kusikia kwamba istilahi huundwa na kamati. Kamati zina nafasi yake, lakini sote tunajua jinsi ilivyotuchukua miaka kubishania tarakilishi, ngamizi na kompyuta, huku watumiaji wakiendelea na shughuli zao. Neno huishi linapohitajika na watu walio katikati ya jambo, wanaotaka kulisema sasa hivi. Mchezo huzua haja hiyo kila zamu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotumia Kiswahili. Ilikuwa hatua ya kupongezwa. Hata hivyo, mtu huiendea programu ya kuandikia barua akiwa na kazi mkononi na haraka moyoni. Mchezo huuendea kwa hiari, akarudi kesho na keshokutwa, na maneno yakamkaa.

Hapa sina budi kulitaja jambo ambalo wapenzi wa Kiswahili hulitaja kwa fahari. Mwaka 2005 kampuni ile ile ya Firaxis ilitoa mchezo wa Civilization IV. Wimbo wake wa ufunguzi, Baba Yetu, ulitungwa na Mmarekani Christopher Tin, na maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mwaka 2011 wimbo huo ulituzwa Grammy, ukawa muziki wa kwanza uliotungiwa mchezo wa tarakilishi kupata tuzo hiyo. Tangu hapo umeimbwa na kwaya nyingi duniani. Sina kinyongo na Tin. Alikitendea Kiswahili hisani kubwa.

Lakini hebu tutazame kinachofuata wimbo ukiisha. Mchezaji anaanza kucheza, na kila anapogundua gurudumu, maandishi au umeme, anaelezwa kwa Kiingereza, kwa sauti ya mwigizaji Leonard Nimoy. Kiswahili kimekaribishwa mlangoni kiimbe; ndani ya nyumba, mahali elimu na uvumbuzi vinapozungumziwa, hakina kiti. Haya ndiyo mazoea tunayoyajua hapa kwetu. Kiswahili ni cha sherehe, sala na wimbo. Fizikia na hesabu zina lugha nyingine. Katiba ya mwaka 2010 imekipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na tangu mwaka 2021 UNESCO imekitengea tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani. Heshima hizo hazitatosha iwapo lugha haitumiki kuwaza kesho.

Wapo watakaodai kuwa bunilizi za kisayansi si jadi ya Kiswahili. Madai hayo hayana mashiko. Mwaka 1995 Katama Mkangi alichapisha riwaya ya Walenisi, ambamo Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anatiwa katika chombo na kurushwa angani ili aangamie, kumbe chombo kinamfikisha katika nchi yenye utaratibu mwingine kabisa wa jamii. Chombo cha angani, watu walioikimbia dunia mbovu, na swali la jamii mpya iundwe vipi: hayo ndiyo maudhui ya Alpha Centauri, na Mkenya aliyaandika kwa Kiswahili miaka minne kabla ya mchezo ule kutolewa. Tofauti ni kwamba Mkangi alimpeleka Dzombo mahali ambapo jibu lilikwisha kupatikana, ilhali mchezo unamwachia mchezaji alitafute jibu mwenyewe, achague kati ya demokrasia na udikteta, soko huria na uchumi wa mpango, kisha aishi na matokeo. Hakuna kizuizi kinachomfanya mwanafunzi asiziweke matini hizo mbili katika tasnifu moja ya fasihi linganishi.

Pingamizi ya pili ni kuwa mchezo si fasihi kwa kuwa hauna mwisho mmoja. Ajabu ni kuwa pingamizi hii hutolewa na watu walewale wanaotufunza kuwa ngano hubadilika kila inapotambwa, kwamba hadhira huchangia utendaji, na kwamba hakuna toleo moja sahihi. Anayeikubali fasihi simulizi hana msingi wa kuukataa mchezo kwa sababu hiyo.

Pingamizi ya tatu ina uzito zaidi: michezo hula muda, na wapo vijana waliopoteza masomo kwa sababu yake. Ni kweli. Alpha Centauri hasa una hila ya kumfanya mtu aseme zamu moja tu zaidi, mpaka jogoo awike. Lakini tiba ya jambo hilo ni mwongozo, si kulinyamazia. Tunalolikataa kulizungumzia darasani, wanafunzi watalifanya nje ya darasa, kwa lugha nyingine na bila jicho la kihakiki.

Nini basi kifanyike? Ninapendekeza mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi. Mosi, walimu wa tafsiri wautumie mchezo huu kama zoezi. Maandishi yake mengi yamehifadhiwa katika faili za kawaida ambazo mtu anaweza kuzifungua na kuzihariri bila kuwa mtaalamu wa programu. Vifungu vya wale viongozi saba vinaweza kugawiwa darasa zima, kila mwanafunzi na sauti yake, na ugumu wa kuwatofautisha Yang na Lal kwa Kiswahili utamfunza mitindo kuliko mihadhara mingi. Pili, idara zikubali mapendekezo ya tasnifu kuhusu michezo, kwa masharti yale yale ya kitaaluma yanayotumiwa kwa riwaya. Tatu, vyama vyetu vya wanafunzi vitafute ushirikiano na wenzetu wa sayansi ya tarakilishi walio katika vyuo hivi hivi. Wao wanajua kuunda programu na mara nyingi hawana hadithi. Sisi tunazo hadithi na hatujui kuunda programu.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Kwa muda mrefu tumecheza ugenini, katika masimulizi ambamo jina la Mwafrika hukosewa na lugha yake husikika wimbo tu. Hatuwezi kuwalaumu wenye mchezo wao kwa kutotukumbuka wakati sisi wenyewe hatujatandaza ubao wetu. Shime basi, wanafunzi wenzangu, na wahadhiri wetu watukufu mtuongoze: zoezi la kwanza linaweza kuanza muhula huu, kwa kifungu kimoja tu cha maneno na mabishano mazuri kuhusu namna ya kukisema.

Kiswahili kitukuzwe!